Skrini Mbili Mezani: Menyu Ikae Wapi ili Kazi Iende Haraka?

Katika ofisi nyingi zinazohudumia umma, si ajabu siku hizi kumkuta karani ameketi mbele ya skrini mbili. Moja inaonyesha rekodi ya kiwanja au ya biashara, nyingine inaonyesha fomu inayojazwa au risiti inayosubiri kuchapishwa. Mtindo huo umeingia pia kwenye saiba, shuleni na majumbani, ambako vijana wanaofanya kazi za mtandaoni huunganisha laptopu na skrini ya pili, au hata na televisheni ya sebuleni.

Sababu ya kuongeza skrini inaeleweka. Karani hahitaji kufunga rekodi ili aione fomu, wala kukariri nambari ya kiwanja anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Anasoma upande huu na kuandika upande ule. Mwananchi aliye upande wa pili wa kaunta naye hufaidika, kwa kuwa anahudumiwa haraka na jina lake halikosewi herufi.

Hata hivyo, faida hiyo haiji yenyewe kwa sababu tu skrini ya pili imenunuliwa. Ipo sehemu moja ya kompyuta ambayo watu wachache huifikiria hadi inapoanza kuwasumbua, nayo ni menyu. Ikiwa menyu iko mbali na mahali kazi inapofanyika, au inafunguka upande usiotarajiwa, skrini ya pili inaweza kurefusha kazi, kumchosha karani na hata kufichua habari za mwananchi mmoja mbele ya mwingine. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na jinsi ya kuirekebisha. Marekebisho mengi huchukua dakika chache na hayahitaji kununua chochote.

Menyu na safari ya kipanya

Menyu ni orodha ya amri ambazo programu inaweza kutekeleza: kufungua faili, kuhifadhi, kunakili, kutafuta, kuchapisha. Kwa kawaida orodha hiyo huwa imekunjwa ndani ya maneno machache yaliyo juu ya skrini au juu ya dirisha la programu. Mtumiaji husogeza kipanya hadi kwenye neno, hubonyeza, orodha hushuka, kisha huchagua anachotaka.

Safari hiyo ya kipanya imechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alichapisha utafiti kuhusu muda ambao mkono wa binadamu huchukua kufikia kitu unacholenga. Alionyesha kwamba muda huo hutegemea mambo mawili, yaani umbali wa kitu na ukubwa wake. Kitu kilicho mbali na kilicho kidogo huchukua muda mrefu kufikiwa kuliko kile kilicho karibu na kikubwa. Mtu yeyote aliyewahi kutumbukiza sarafu kwenye tundu jembamba la kibweta anaijua kanuni hii kwa vitendo, kwani kuiweka sarafu hiyo hiyo kwenye sinia ni kazi rahisi zaidi.

Mwaka 1978, mtafiti Stuart Card na wenzake katika kampuni ya Xerox walipima matumizi ya kipanya cha kompyuta na kugundua kwamba nacho hufuata kanuni ya Fitts. Tangu wakati huo, wabunifu wa programu wamekuwa wakiitumia kuamua kitufe kiwe na ukubwa gani na kikae wapi.

Kanuni hiyo ina tokeo moja ambalo si rahisi kuliona mara ya kwanza. Kishale cha kipanya hakiwezi kutoka nje ya skrini. Kikifika ukingoni, husimama, hata mkono ukiendelea kusukuma. Kwa hiyo kitu kilichowekwa ukingoni kabisa ni rahisi sana kukifikia. Mtumiaji hahitaji kupunguza mwendo ili asikipite. Anasukuma tu, na ukingo wenyewe unamsimamisha, kama mpira unavyosimamishwa na ukuta.

Mitindo miwili ya menyu

Ukingo huo ndio msingi wa mtindo wa kwanza. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 1983, na Macintosh iliyofuata mwaka 1984, ziliweka mstari mmoja wa menyu juu kabisa ya skrini. Programu yoyote iliyokuwa ikitumika wakati huo ndiyo iliyoweka maneno yake hapo. Mtumiaji alijua daima kwamba menyu iko juu, nayo ilifikika kwa msukumo mmoja wa mkono. Umbali haukuwa tatizo, kwani skrini ya Macintosh ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 9 tu kutoka pembe hadi pembe. Kutoka chini hadi juu ilikuwa safari fupi.

Mtindo wa pili ni wa Windows, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1985. Hapa kila dirisha hubeba menyu yake juu ya kichwa chake. Dirisha likisogezwa kushoto, menyu huenda nalo. Likisogezwa kulia, menyu hulifuata. Menyu haiko ukingoni mwa skrini, kwa hiyo mkono lazima ulenge kwa uangalifu zaidi, lakini iko karibu na kazi inayofanywa.

Kwa skrini moja ndogo, mtindo wa kwanza una nguvu. Mambo hubadilika skrini zinapokuwa mbili. Skrini ya kawaida ya ofisini yenye inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Mbili zikiwekwa bega kwa bega, uwanja wa kazi unazidi mita 1. Karani anayeandika mwisho wa skrini ya kulia huku menyu ikiwa mwanzo wa skrini ya kushoto analazimika kuuvuka uwanja huo wote kwa kishale, kugeuza shingo, kubonyeza, kisha kurudi alikotoka na kutafuta mahali alipokuwa amefikia.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme karani anaifuata menyu mara 10 kwa kila mwananchi anayemhudumia, na kila safari inamwongezea sekunde 2. Akihudumia watu 60 kwa siku, atakuwa amepoteza sekunde 1,200, yaani dakika 20. Kwa wananchi walio mwisho wa foleni, hizo ni dakika zinazoweza kuamua iwapo watahudumiwa kabla ya kaunta kufungwa au wataambiwa warudi kesho na kulipa nauli tena.

Watengenezaji walichelewa kutoa suluhisho

Tatizo hili limewasumbua watumiaji kote duniani kwa muda mrefu. Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza kuunganishwa na zaidi ya skrini moja, lakini mstari wa menyu ulibaki kwenye skrini moja pekee. Hali iliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 2011, toleo la mfumo wa Apple lililoitwa Lion lilileta uwezo wa programu kujaza skrini nzima, lakini lilizua kero mpya. Programu moja ilipojaza skrini yake, skrini ya pili ilifunikwa na picha ya kitambaa cha kijivu na haikuwa na kazi tena.

Ni katika toleo la Mavericks la mwaka 2013 ndipo kila skrini ilipopewa mstari wake wa menyu. Hata hapo kulikuwa na gharama yake. Kila skrini ikiwa na menyu yake, dirisha moja haliwezi tena kutandazwa juu ya skrini mbili kwa wakati mmoja. Anayetaka kutandaza jedwali refu la hesabu kutoka skrini ya kwanza hadi ya pili hulazimika kuzima mpangilio huo, kisha kuondoka kwenye akaunti yake na kuingia upya.

Windows ilianza kukubali skrini zaidi ya moja katika toleo la Windows 98. Kwa kuwa menyu ilikuwa inasafiri na dirisha, tatizo la umbali lilikuwa dogo zaidi. Hata hivyo, mstari wa kazi ulio chini ya skrini, wenye alama za programu zilizofunguliwa, uliendelea kukaa kwenye skrini kuu peke yake hadi Windows 8 ya mwaka 2012 ilipotoa nafasi ya kuuonyesha kwenye skrini zote.

Watumiaji wa Ubuntu, mfumo wa bure unaotumika kwenye baadhi ya kompyuta za shule na maabara, nao walipitia majaribio. Mwaka 2011 mfumo huo ulihamishia menyu juu kabisa ya skrini. Katika toleo la Aprili 2014, watumiaji walipewa hiari ya kuzirudisha menyu kwenye kichwa cha kila dirisha.

Funzo linalopatikana hapa ni kwamba hakuna mtindo mmoja unaofaa kila kazi. Mifumo mingi ya leo inampa mtumiaji nafasi ya kubadilisha baadhi ya mipangilio. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi hubaki na mpangilio uleule zilizotoka nao kiwandani, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba unaweza kubadilishwa.

Ukuta unaotoweka

Skrini ya pili huleta usumbufu mwingine ambao watumiaji wengi huusikia mkononi bila kujua chanzo chake. Skrini mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu, ukingo unaozitenganisha si ukuta tena. Kishale kinachosukumwa kwenda kulia kwenye skrini ya kushoto hakisimami, bali huvuka na kuingia skrini ya pili.

Vitu vilivyokuwa rahisi kufikiwa ukingoni sasa vinahitaji kulengwa kwa makini. Alama ya kufunga dirisha kwenye pembe ya juu kulia ni mfano mmoja. Upau wa kuteremshia ukurasa ulio upande wa kulia ni mfano mwingine. Karani husukuma kishale kuuelekea, kikampita, naye akaanza kukitafuta kwenye skrini nyingine.

Skrini zikipangwa moja juu ya nyingine, kama inavyotokea laptopu inapowekwa chini ya skrini kubwa, tatizo huhamia kwenye menyu yenyewe. Juu ya skrini ya chini hapana ukuta tena, kwa hiyo menyu iliyotegemea ukingo hupoteza faida yake. Kishale hupita juu ya maneno ya menyu na kuingia skrini ya juu.

Zaidi ya hayo, kompyuta haijui skrini zimewekwaje mezani hadi iambiwe. Ikiwa skrini ya pili iko kushoto kwa karani lakini kompyuta inadhani iko kulia, kishale kitatokea upande usiofaa kila mara. Na ikiwa skrini moja ni ndefu kuliko nyingine, kishale kinaweza kugonga mahali ambapo hapana mlango na kukataa kuvuka.

"Mitambo imekwama"

Mwananchi aliyewahi kupanga foleni huenda amewahi kuambiwa, "Mama, subiri kidogo, mitambo imekwama." Mara nyingine mitambo huwa imekwama kweli. Lakini kwenye kompyuta yenye skrini mbili, kuna sababu nyingine inayostahili kuchunguzwa kwanza.

Karani anapochagua amri kwenye menyu, kwa mfano kuchapisha, programu hufungua kisanduku cha ujumbe kinachouliza swali: nakala ngapi, au printa ipi. Hadi swali lijibiwe, programu haikubali kitu kingine. Baadhi ya programu hukumbuka mahali kisanduku kilipofunguliwa mara ya mwisho na kukirudisha papo hapo. Ikiwa mahali hapo ni skrini ya pili, na skrini hiyo imezimwa, imegeuzwa upande mwingine au imefunikwa na dirisha jingine, karani hakioni kisanduku. Anachoona ni programu isiyoitika. Huenda akaizima kompyuta na kuiwasha upya, na kazi ambayo haikuhifadhiwa ikapotea.

Kabla ya kuzima kompyuta ya Windows, inafaa kujaribu hatua tatu. Kwanza, shikilia kitufe cha Alt na ubonyeze Tab ili kuona madirisha yote yaliyo wazi. Pili, ukiwa kwenye dirisha lililopotea, shikilia kitufe cha Windows pamoja na Shift, kisha ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha litahamia skrini nyingine. Tatu, ikiwa bado halionekani, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wowote. Ukisogeza kipanya baada ya hapo, dirisha hufuata.

Mwananchi anaona nini?

Katika baadhi ya kaunta, skrini ya pili huelekezwa kwa mwananchi ili athibitishe kwamba jina lake, nambari ya simu na kiasi cha ada ni sahihi. Huu ni utaratibu mzuri, kwani makosa hugunduliwa kabla risiti haijatoka. Lakini ndio mahali ambapo menyu inaweza kuleta madhara makubwa zaidi.

Katika programu nyingi, ukifungua menyu ya faili utaona orodha ya faili zilizotumika karibuni. Makarani wengi huzipa faili majina ya watu zinazowahusu. Karani akiifungua menyu hiyo kwenye dirisha lililo upande wa mwananchi, yule aliyekuja kulipia leseni ya biashara anaweza kusoma kwamba jirani yake ameandikiwa barua ya madeni, au kwamba mtu fulani ameomba msaada wa karo au wa matibabu. Hakuna aliyekusudia kutoa siri, lakini siri imetoka.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya habari za familia yake au mambo yake binafsi kutofichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaka ofisi za umma na za kibinafsi zinazoshughulikia habari za watu kuzilinda. Kupanga skrini vizuri ni sehemu ya wajibu huo.

Hali kama hiyo hutokea pia kwenye mikutano ya ushirikishaji wa umma. Projekta inayotumiwa kuonyesha mapendekezo ya bajeti ni skrini ya pili kama nyingine yoyote. Afisa akitafuta menyu huku kila kitu kikionekana ukutani, wakazi huona barua pepe zake na faili zake kabla ya kuiona bajeti waliyoijia, na muda wa maswali unazidi kupungua.

Marekebisho yasiyohitaji pesa

Hatua zifuatazo zinaweza kuchukuliwa na karani, mwalimu, mwenye saiba au mkazi anayefanyia kazi nyumbani.

1. *Ieleze kompyuta skrini ziko wapi.* Kwenye Windows, bofya kulia mahali patupu kwenye skrini na uchague mipangilio ya skrini. Utaona visanduku vyenye nambari 1 na 2. Viburute hadi vifanane na jinsi skrini zilivyokaa mezani, na usawazishe kingo za juu. Kwenye kompyuta za Apple, kazi hiyo hufanywa katika sehemu ya mipangilio inayohusu skrini.

2. *Chagua skrini kuu.* Skrini kuu iwe ile iliyo mbele ya uso wa mtumiaji. Kwenye kaunta ya huduma, isiwe kamwe ile inayomwelekea mwananchi. Kwenye Windows, jumbe fupi za arifa hujitokeza kwenye skrini kuu, kwa hiyo uamuzi huu pekee huzuia mengi yasionekane na wasiohusika.

3. *Weka kazi na menyu yake upande mmoja.* Programu inayotumia menyu sana, kama ya hesabu au ya kuandikia barua, ikae kwenye skrini kuu. Ya kusomwa tu, kama rekodi, ramani au hati iliyopigwa picha, ndiyo ihamishiwe skrini ya pembeni.

4. *Tumia menyu inayofunguka papo hapo.* Kubofya kulia hufungua menyu fupi pale pale kishale kilipo. Umbali wake ni kama hakuna. Amri nyingi za kila siku, kama kunakili na kubandika, zinapatikana humo.

5. *Jifunze amri tano za kibodi.* Kwenye Windows, Ctrl na S huhifadhi, Ctrl na P huchapisha, Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika, na Ctrl na F hutafuta. Kwenye Apple, kitufe cha Command huchukua nafasi ya Ctrl. Kwa anayetaka menyu yenyewe bila kugusa kipanya, kitufe cha Alt au F10 huifungua kwenye programu nyingi za Windows. Katika Word na Excel, Alt huonyesha herufi ya kubonyeza kwa kila sehemu.

6. *Sawazisha ukubwa wa maandishi.* Skrini mbili zinaweza kuwa na idadi sawa ya nukta lakini ukubwa tofauti. Maandishi ya menyu yaliyo wazi kwenye skrini ya inchi 24 yanaweza kuwa na zaidi kidogo ya nusu ya ukubwa huo kwenye laptopu ya inchi 14. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, kila skrini inaweza kupewa kipimo chake cha ukuzaji. Jambo hili ni muhimu hasa kwa wafanyakazi ambao macho yao yameanza kudhoofika.

7. *Ficha orodha ya faili za karibuni.* Katika Word na Excel, idadi ya faili za karibuni zinazoonyeshwa inaweza kuwekwa 0 kwenye mipangilio ya programu. Ni vyema pia majina ya faili yawe nambari za kumbukumbu badala ya majina ya watu.

8. *Jua kitufe cha kubadili maonyesho.* Kitufe cha Windows pamoja na herufi P huleta njia nne: skrini ya kompyuta peke yake, skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, kazi itandazwe juu ya zote mbili, au skrini ya pili peke yake. Kabla ya mkutano, chagua kutandaza ili wakazi waone slaidi tu, huku menyu na faili zikibaki kwa mtoa mada. Wakati wa kutafuta faili kati ya mada, chagua skrini ya kompyuta peke yake.

Kabla ya kununua skrini ya pili

Ofisi, shule au mfanyabiashara anayepanga kununua skrini ya pili anafaa kwanza kujiuliza kazi yenyewe ni ya aina gani. Anayenakili kutoka hati moja hadi nyingine siku nzima atafaidika sana. Anayetumia programu moja tu huenda asihitaji skrini ya pili, na fedha hizo zikafaa zaidi kwa kiti kizuri au betri ya dharura ya kulinda kazi umeme unapopotea.

Skrini zenye urefu na idadi sawa ya nukta huondoa usumbufu mwingi uliotajwa hapo juu. Inayotumika zaidi ikae mbele moja kwa moja, na ya pili igeuzwe kidogo kumwelekea mtumiaji. Zikitumika kwa kiasi sawa, mahali zinapokutana pawe mbele ya pua. Ukingo wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, ili shingo isiinuliwe kila menyu inapotafutwa.

Mkazi ana haki ya kuuliza

Mkazi anayehudumiwa kwenye ofisi yoyote ya umma anaweza kuomba kuonyeshwa habari zake kwenye skrini kabla ya kulipa au kutia sahihi, na kuomba kosa lirekebishwe. Akiona habari za mtu mwingine kwenye skrini inayomwelekea, au akihofia kwamba zake zinaonekana na walio kwenye foleni, amweleze karani papo hapo na aombe skrini igeuzwe. Lalamiko lisiposhughulikiwa, linaweza kupelekwa kwa msimamizi wa ofisi hiyo, na hatimaye kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wafanyakazi wa ofisi za umma ambao kompyuta zao zina skrini mbili wanahimizwa kutenga dakika chache asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, kupitia hatua hizo nane pamoja na afisa wa TEHAMA wa idara yao. Makarani wanaobadilishana kaunta wakubaliane juu ya mpangilio mmoja, ili anayeingia zamu ya mchana aikute menyu pale pale mwenzake wa asubuhi alipoiacha.